Karafuu Haina Fulana

Harusini kwa Bimize, ukumbini Limbani,
shangazi Tumu alinishika kidevu kama anayeuliza bei.
"Mwana wa Shaame, unasoma wapi siku hizi?"
Mtende, nikasema. Chuo cha Mtende.
"Mtende wa tende?"
Meza nzima ikacheka.
Nami nikacheka, maana pilau ilikuwa bado ya moto
na sikutaka kuiacha.

Faki, mtoto wa ami, hakuulizwa.
Fulana yake ilishajibu:
herufi kubwa kifuani, jina la chuo kikuu
analolijua hata muuza urojo wa Chake,
hata bibi asiyejua kusoma hulitamka taratibu,
kama anayebeba sinia la vikombe.
Darasani kwao wako mia sita.
Mwalimu humwona kwa mbali, kama mnara wa redio.
Faki mwenyewe kaniambia, kwa sauti ya chini:
miaka miwili sasa, hajaitwa jina.

Kwetu ni majengo mawili na birika.
Wanafunzi themanini na wanne.
Falsafa na kemia chini ya bati moja,
mvua ikishuka hatusikilizani,
basi tunaandikiana ubaoni, tunabishana kwa chaki.
Maalim Khatib Mcha hunirudishia insha mara ya tatu, mara ya nne,
pembeni wino wa kijani:
*Hapa umesema. Hukufikiri.*
Anajua nikinyamaza kwa kutojua
na nikinyamaza kwa kiburi.

Wanaokijua chuo chetu wanakijua.
Wako kama wanane.
Mmoja yuko wizarani, ghorofa ya pili;
akiuona muhuri wetu huvua miwani, huagiza kiti.
Lakini hao wanane hawaji harusini.

Mama, ili asiumbuke, huwaambia watu:
"Yuko Unguja, kwenye chuo kile."
*Kile.*
Kineno kidogo, hubeba shehena yoyote.

Na mie nisijifanye.
Darajani niliwahi kuishika fulana kama ya Faki,
nikaipima mbele ya kioo cha muuzaji.
Ilinikaa.
Niliirudisha kwa kuwa nilikuwa na nauli tu.
Ningekuwa na elfu kumi na tano
leo ningekuwa nimeivaa, na haya nisingeyaandika.

Jumatatu tukapeleka karafuu kituoni, mimi na baba,
magunia matatu. Usiku kucha tulichambua,
vidole vimeingia weusi, makonyo yamejaa ukumbi.
Gunia limepigwa chapa ZANZIBAR.
Mti umeota Mtambwe. Baba kaanguka kutoka juu yake mara mbili,
na hakuna nchi ya mbali inayolijua neno Mtambwe.
"Jina utalipika?" huniambia.

Mpimaji akachota konzi moja.
Akavunja karafuu kwa ukucha, akatazama mafuta,
akanusa, akatia moja mdomoni.
Hakuuliza ya nani.
"Daraja la kwanza," akasema, akachukua kalamu.

Nilitembea nyuma ya baba nikiwa mrefu kidogo.
Nikasema moyoni: shangazi Tumu angekuwepo.
Nikasema: ukucha hausomi fulana.
Nilikuwa nimeshajipatia jibu langu zuri,
la kumpelekea Maalim, asiweze kulirudisha.

Njiani nikaifungua stakabadhi.
"Baba, wamekuandika Shaabani Hemedi."
"Pesa zimepungua?"
"Hazijapungua."
"Basi."
Akaendelea na njia yake.

Tukavuka daraja la mkondo, tukapita skuli,
paa la nyumbani likaonekana.
Hapo akasimama.
Akainyoosha karatasi juu ya paja, akaitazama kwa muda,
yeye ambaye kusoma kwake ni jina lake hilo tu.

"Turudi," akasema.
"Wakaliandike sawasawa."

Saa saba ya mchana, jua la utosini.
Tukarudi.