Herufi ya Risasi

Saa tisa usiku, Punta Arenas.
Upepo wa mlangobahari unalitikisa paa kama mdai,
nami nafuta meza ya mashine kwa spiriti
kutoka kichwani hadi miguuni,
kisha narudia, kwa sababu ya Jumanne.

Jumanne walikuwa wawili:
Eleuterio Barría, mnyoa kondoo, picha ya kifua;
Eliodoro Barría, mnyoa kondoo, picha ya tumbo,
pamoja na sindano ya dawa ing'arishayo mishipa.
Benchi moja. Kofia za sufu, rangi moja.
Nikachungulia mlangoni: "Bwana Barría?"
Akainuka wa karibu.
"Wewe ndiye Eliodoro, sivyo?"
Akaitikia kwa kichwa,
kama waitikiavyo wapole mbele ya koti jeupe,
kama aitikiavyo mtu ambaye masikio yake
yameliwa na mashine za kunyolea.

Swali langu lilikuwa limebeba jibu mgongoni.

Nayaret, mwanafunzi, wiki yake ya pili,
alisoma bangili ya mzee, akasoma karatasi,
akarudi kwenye bangili.
Sindano ilikuwa tayari mkononi mwangu.
"Subiri," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Figo za Eleuterio, faili lilituambia baadaye,
zilikuwa taa inayonyonya tone la mwisho la mafuta.

Sikulala. Asubuhi niliandika katika daftari la bluu
saa, chumba, jina langu,
nikampelekea Bi Otilia Mansilla
kama mtu anayepeleka shingo yake.
Hakuuliza ni nani. Nani nilikuwa mbele yake.
Aliuliza: "Zamu ilikuwa na watu wangapi?"
Wawili, mmoja mwanafunzi.
"Na benchi, mnaliona kutoka ndani?"
Hatulioni.
Akawageukia wengine waliokuja kunywa kahawa:
"Nani mwingine amewahi kukosea hivi, akanyamaza?"
Kijiko kikaacha kukoroga.
Mzee Cárcamo, aliyeosha filamu gizani
kabla sisi hatujazaliwa,
akainua mkono.
Kisha mkono mwingine. Kisha wa Bi Otilia mwenyewe.

Siku hizi hatumpi mgonjwa jina lake.
Tunaliomba.
"Binti, umenipiga picha mara saba, hunijui?"
Nakujua. Niambie.
Benchi limehamishwa mbele ya kioo.
Na Nayaret ana ruhusa, iliyoandikwa,
ya kumwambia daktari yeyote "subiri"
bila kuomba radhi.

Usiku huu msichana ameteleza kwenye barafu, kifundo cha mkono.
Namuuliza upi unauma, ingawa nauona umevimba.
Naweka pembeni ya picha herufi ndogo ya risasi,
K ya kulia, S ya kushoto, kama tungesema kwetu huku kwa Kiswahili;
wao huandika zao.
Risasi: ndiyo hii, jina lilelile la ile inayoua,
imelala kando ya mkono wa mtoto
ikilinda upande wake.

Ijumaa Eleuterio alirudi.
Hakungoja kuulizwa. Alisimama katikati ya ukumbi akanguruma:
"Eleuterio del Carmen Barría Oyarzo!
Kumi na moja Agosti! Kifua, si tumbo!"
Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka,
mwili wote,
isipokuwa mkono wa sindano.