Uzi wa Mbwa

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
na mimi, Orrin Halvorsen, mshauri wa kodi
kwa mwaka wa thelathini na moja,
nimekaa ofisini na koti mwilini
nikingoja mashine inijibu.
Haingojeshi.
Sekunde kumi na moja.

Zamani swali kama hili lilikuwa mkate wangu wa juma zima.
Verna Kivela huchovya sufu jikoni mwake,
sufuria nne: rangi ya jamu, ya kutu, ya moshi, ya zabibu.
Huuza mtandaoni, majimbo arobaini na manne,
na kila jimbo lina mdomo wake na njaa yake.
Hili linatoza, lile linasamehe,
jingine linauliza kwanza uzi utakuwa nini.
Ukifuma sweta, hudaiwi. Vazi ni haja ya mtu.
Ukifuma mdoli, lipa.
Uzi ule ule, sindano zile zile.

Nilikuwa na ramani ukutani na pini zake.
Nilikuwa na faili la kijani lenye alama ya kikombe.
Nilipiga simu kwa maafisa wa kodi, nikajua nani kafiwa,
nani hashikiki Ijumaa baada ya saa sita.
Yote hayo sasa ni sekunde kumi na moja,
na Verna hunilipa nusu ya alichokuwa akinilipa,
kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyeniibia.

Jibu likaja. Majimbo arobaini na matatu, sawa.
Jimbo moja: "Mteja wako ametoza kodi isiyostahili
kwa miaka sita. Uzi wa kufumia nguo umesamehewa humo.
Ungependa nikuandalie barua ya marekebisho?"

Nikasoma tena. Nikatoa faili la kijani.
Mwandiko ni wangu. Kosa ni langu,
limenyooka pale kwa wino mweusi, na saini chini.
Akili mnemba haikuguna.
Haikukohoa kama mhasibu mwenzangu angekohoa,
kisha akatazama dirishani
ili nipate nafasi ya kuona haya peke yangu.
Kidoti chake kilipepesa tu:
ungependa? ungependa?

Nilikwenda mwenyewe. Maili kumi na tisa za barafu.
Verna akanipa kahawa na mkate wa iliki,
mikono yake zambarau hadi viwikoni,
akanisikiliza bila kuacha kukoroga.
"Watu wangapi?"
Mia mbili na kumi na wawili.
"Na hela ziko wapi?"
Serikalini. Tutazidai. Zitarudi zikipenda.
Akafunika sufuria.
"Basi tuanze na zangu. Na wewe utalamba bahasha."

Barua ya mashine ilikuwa imepigwa pasi,
ilisema "tunauthamini uaminifu wako."
Verna aliisoma kwa sauti, akacheka, akamtandikia paka.
Akaandika nyuma ya lebo za uzi:
Nilikutoza zaidi. Samahani. Hizi hapa. V.
Mara mia mbili na kumi na mbili.
Nami nililamba mpaka ulimi ukawa gundi.

Machi, moja ikajibiwa.
Ndani ya bahasha, senti thelathini na nane
zimebandikwa kwa utepe kwenye kadi,
na mwandiko wa mtu mzee, unaopanda kilima:
"Bibi, uzi wako nilimfumia mbwa.
Anaitwa Gus. Ana baridi yabisi.
Nadhani kodi ilistahili."

Nikaiuliza mashine.
Ilichukua sekunde kumi na nne.
Zile tatu za ziada niliziona, nikazitunza.
"Mavazi ya wanyama hayana msamaha.
Mwandishi yuko sahihi. Ungependa nirekebishe?"

Hapana, nikaandika, hili niachie.

Fomu ya robo mwaka haina kisanduku cha mbwa.
Nikajaza senti thelathini na nane,
na penye "Maelezo," kwa mkono, kwa ule wino mweusi,
nikaandika: Gus.