Hereni za Lamara

Tulipovunja kitasa, ghorofa ya nne, Sololaki,
tulimkuta Lamara yuko kumi na saba.
Mmoja nyuma ya mlango wa kabati,
mmoja kwenye kifuniko cha sanduku la chai,
wengine juu ya mbao za kitanda cha marehemu mumewe,
maana turubai ilikuwa ghali Tbilisi
na uso alikuwa nao bure.

Mimi ni mtoto wa mlango wa mkabala.
Nilipewa daftari nihesabu vitu.

Kila uso una hereni.
Mawe mekundu, kama punje za komamanga,
hata uso wa ile baridi kali
tulipochoma sakafu ndani ya jiko
na umeme ukija saa moja kwa siku,
mgeni mwenye haraka, havui koti.

Lakini hereni zile
niliziona mimi zikiondoka.
Nilikuwa na miaka tisa. Alinishika mkono,
tukateremka kwa Zurabi mfua dhahabu,
tukapanda na nusu gunia la unga,
chupa ya mafuta ya taa,
na soksi za sufu za kunitosha.
Usiku ule akakaa mbele ya kioo
akazichora, zinang'aa masikioni.
Nikamwambia, Shangazi, unadanganya.
Hakugeuka.
Akasema, Nisogezee mshumaa.

Picha hazikohoi. Yeye alikohoa.
Picha haziitukani redio,
hazifichi sukari ndani ya buti,
hazigongi ukuta mara mbili kuniuliza kama nimekula.
Nimezipita zote, nikiandika: uso, uso, uso,
nikimtafuta mtu.

La kumi na saba lilikuwa jikoni,
sinia la bati, limefunikwa maganda ya vitunguu.
Alikuwa akilikatia humo kila siku.
Nikapangusa kwa kiganja.
Sikio la kushoto lina tundu tu.
Tundu!
Kalichora kwa ncha ya unywele, kwa rangi tatu:
kahawia, zambarau, na moja siijui jina.
Nani hupoteza rangi tatu
kuchora mahali pasipo na kitu?

Na nyuma yake, pembeni mwa kioo,
mguu wa mtoto unaning'inia kitini,
soksi imepanda hadi gotini.
Soksi zangu zilikuwa za kijivu. Nakumbuka,
ziliniwasha mpaka Aprili.
Humu ni nyekundu,
nyekundu ileile.

Binamu zake wa Kutaisi walifika Jumapili.
Wakauliza ipi inafanana naye hasa.
Wakabishana, wakachukua ile ya ujanani,
shingo ndefu, hereni mbili, tabasamu
ambalo mimi sikuwahi kukutana nalo ngazini.
Nikawaambia ndiyo, ndiye kabisa.

Kwenye daftari, mstari wa mwisho, niliandika:
sinia moja, kuukuu, halina thamani.
Nikalibeba chini ya koti.
Sijaliosha. Mke wangu analalamika,
anasema nyumba inanuka vitunguu.