Safu ya Tano

Alhamisi, chumba cha chai, gereji ya mabasi, Rotherham.
Nje mvua ile isiyonyesha wala kukoma.
Callum kageuza karatasi ya zamu, mgongoni
kachora safu nne kwa kalamu nyekundu:
mji, nauli, kitanda, bia.
Trevor anastaafu. Miaka thelathini na moja ya breki
itaagwa kwa siku mbili ng'ambo,
paundi mia mbili kila mtu, na chakula humo humo.
"Bia ni chakula," kasema Maureen. Ikapita bila kupingwa.

Prague kwanza. Bia rahisi kuliko maji,
ila kila kona bwana harusi mtarajiwa
kavishwa gauni na anatapika.
Dublin ilifutwa kabla wino haujakauka:
bilauri moja kule unalipa kwa awamu.
Copenhagen hakuna aliyeithubutu.
Brussels wana bia ya watawa,
ukinywa tatu unaungama bila kuulizwa.
Lisbon jua la bure, lakini bilauri
ndogo kama kipimo cha dawa ya kikohozi,
halafu vilima, na Trevor ana goti.
Budapest ina mabwawa ya maji moto.
Goti likapiga kura.

"Krakow," akasema Zbyszek, mdomo umejaa mkate,
akataja bei polepole, kama anataja umri wa mwanawe.
"Lakini si mtakakokwenda ninyi. Ninakokwenda mimi."

Nilikuwa nasuuza kikombe.
Mama yangu aliuza boha kule Bumbuli, pombe ya miwa,
akipima kwa kopo la mafuta lililobonyea ubavuni.
Wateja walijua ule mbonyeo unawapunja funda zima.
Walipita vilabu viwili wakaja kwake.
Sikusema. Mtu mwenye kikotoo mkononi
humwelezi habari za kopo.

"Mina, wewe je?" Mhina huwashinda,
nimekuwa shangazi wa mtu miaka sita sasa.
Nikakausha mikono, nikaomba kalamu,
nikachora safu ya tano: viza.
Ada. Treni ya Manchester kupeleka vidole.
Taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima,
picha mbili zilizokatazwa kucheka.
Callum akabonyeza. "Ishirini na tano," akasema.
"Bilauri ishirini na tano za Krakow,
kabla hujanywa hata moja."
Akahesabu tena, kana kwamba kosa ni la betri.
"Dublin je?"
"Dublin ni viza nyingine."
Mtu alicheka, kicheko kikakosa mwenzake.

Wakaenda Krakow.
Nikashika zamu ya Trevor ya Jumamosi,
inayolipwa moja na nusu.
Nikafungua magurudumu, nikabadilisha pedi,
vumbi jeusi mpaka kope.
Ilipofika saa sita mchana
nilikuwa nimezilipa zote ishirini na tano,
na koo langu kavu.

Jumatatu Trevor alikuja, asiye tena na sababu ya kuja.
Akaniwekea mezani kile kigodoro cha karatasi
wanachokalishia bilauri. Nyuma kaandika
jina la mtaa, bei, na maneno haya:
*kaa dirishani, mhudumu mnene ndiye mkarimu.*
Nikamwonyesha simu: Manchester, tarehe kumi na nne,
saa tatu na robo asubuhi.
Akaitazama kwa muda.
"Na mimi," akauliza, "kwenu nalipa viza?"
"Dola hamsini."
"Hizo ni bia ngapi?"

Callum akaanza kutafuta kikotoo.
Nikavuta kiti. Nikamwambia Trevor
inategemea kopo,
na hapo ndipo nilipoanza na ule mbonyeo.