Wikio

Programu yangu ya upatu, kila nikiiendesha,
hufungua dirisha jeusi nje, hupayuka, hufunga.
Nani hajalipa? Sijawahi kuliona jina.
Ni mpita njia wa Mkomani:
kivuli, kishindo cha kandambili, basi.

Usiku huu umeme umerudi.
Nimekata shauri: hakuna kutoka njiani.
Nimeyageuzia maneno mkondo
yapite juu ya kichochoro, kama nyanya alivyopita wikioni
na sahani ya mofa hadi kwa Bi Mwanaesha,
mtaa usijue.

Sasa yatua ndani, chini ya msimbo wangu,
yamekaa kitako, hayana haraka.
Nayafuata kwa kidole:

Mwezi wa nane. Wote wamelipa
ila Barke Lali.

Nainuka. Pochi yangu i wapi?