Dawa ya Sukari

Nilikuwa juu ya paa, Tassia, naanika shuka.
Maji yalikuwa yamerudi baada ya siku tatu
na kila mwanamke wa ploti alikuwa na beseni lake.
Ndipo mavyaa akaniita kwa jina langu la usichana.
Hajawahi. Miaka sita, hajawahi.
Nikashuka ngazi na povu mikononi.

Mutanu ameketi sakafuni,
miaka miwili kasoro mwezi,
leso ya nyanyake mapajani,
fundo limefunguliwa kwa meno.
Fundo lile lile la shilingi,
la peremende ya Jumapili.
Midomoni unga mweupe, na tabasamu.

“Ni dawa ya sukari,” mavyaa akasema,
na neno lenyewe likatusaliti:
mtoto akisikia sukari
afanye nini, ateme?

Hesabu, nikasema. Hesabu, mama.
Vilikuwa kumi. Vimebaki sita.
Juzi kimoja. Jana kimoja. Leo asubuhi?
Akashika paji la uso.
“Chai naikumbuka. Ilikuwa na tangawizi.
Dawa siikumbuki.”
Basi mtoto kameza kimoja, au viwili,
na katikati ya kimoja na viwili
nilisimama kama mtu anayevuka barabara usiku.

Majirani wakajaa mlangoni, kila mmoja na tiba yake:
mpe maziwa,
mkorogee chumvi,
mtie kidole kooni atapike.
Nami kidole nilikuwa nimekwisha kukinyoosha
Nafula wa duka la dawa alipowapenya, pumzi juu:
“Usimtapishe! Usimnyweshe kitu!
Futa mdomo, beba karatasi ya vidonge, toka.
Saa ngapi alikula?”
Saa nne na dakika ishirini.
Akaniandikia kwa kalamu kiganjani,
wino ukachanganyika na povu.

Bodaboda ya Wambua. Vumbi. Mutanu kati yetu
akiimba wimbo wake usio na maneno,
akimpungia mkono muuza maboga.
Nikawaza: mbona mzima? Turudi nyumbani?
Naogopa mpaka leo jinsi nilivyokaribia kusema turudi.

Muuguzi hakuniuliza nilikuwa wapi.
Hakuniuliza wewe ni mama wa namna gani.
Aliuliza: dawa gani, vingapi, saa ngapi, ana kilo ngapi.
Nikampa karatasi, nikamfungulia kiganja.
“Kimoja au viwili,” nikasema, na sauti ikapasuka.
“Tutahesabu viwili,” akasema. “Hapa tunahesabu kibaya.”

Saa saba wimbo ukakatika.
Jasho baridi shingoni, shingo kama kitambaa,
macho yananitazama yasinione.
Wakamtoboa kidole: mbili nukta moja.
Wakamning'inizia chupa, na ndani ya chupa, nini?
Sukari.
Dawa ya sukari imemwangusha,
sukari imemwinua.
Usiku kucha, kila saa, kidole kingine,
tone jingine, namba nyingine,
mpaka vidole kumi vyote vimeshasomwa
wakaanza tena cha kwanza.

Alfajiri akaomba uji. Akaukataa. Akaomba tena.

Nyumbani mavyaa alikuwa hajala.
Nilikuwa nimemwandalia maneno njia nzima;
nikamkuta ameketi pale pale sakafuni
na vile vidonge sita mbele yake, kwa mstari,
anavihesabu.
Maneno yakanisahau.
Tukanunua kopo la kufuli, tukaliweka juu ya kabati,
na ufunguo tukauweka juu zaidi.

Wiki tatu baadaye, nikifagia, chini ya mguu wa meza:
kidonge, kimelambwa upande mmoja,
alama ya jino dogo ubavuni.
Basi kilikuwa kimoja.
Kimoja tu ndicho kilichofanya yote yale.

Leso bado ina fundo pembeni, tupu.
Mutanu hulifungua, huchungulia,
kisha humrudishia nyanyake alifunge.
Na mavyaa hulifunga,
polepole, kwa mikono miwili.