Milio Mitatu

Kutoka Ruwi hadi Ibra ni mwendo wa saa moja na nusu.
Nimekuja na bisibisi, raba ya shule
na maneno ya Bi Shinuna kwenye simu:
"Inalia mara tatu, kisha kimya.
Kama mtu aliyepiga hodi akabadili nia."

Nilianza na yale ya kijinga, maana ndiyo huua heshima ya fundi.
Waya umeingia? Swichi ya ukutani?
Umeme upo, kiyoyozi kinakohoa juu ya pazia.
Nikabonyeza.
Feni ikazunguka, taa ya kijani ikafumbua jicho,
ti, ti, ti,
kioo kikabaki cheusi kama tako la sufuria.

Nikailaza ubavu. Skrubu tatu na uzi mmoja:
uzi ni kazi ya marehemu Mzee Harub,
pale ilipopotea ya nne.
Ndani, Sharqiya nzima: mchanga laini kama unga wa sembe,
ganda la yai la mjusi kafiri,
na kokwa ya tende, sijui iliingiaje.
"Usipulize kwa mdomo," nilimwambia.
Alikwisha kupuliza.

Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu, vyote viwili,
nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba,
polepole, kama mtoto anayefuta hesabu aliyoikosa,
nikavirudisha kimoja kimoja mpaka vikaalika.

Ti.
Mara moja tu. Hiyo ndiyo salamu.

Kioo kikaamka na lalamiko:
saa haijawekwa. Mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Betri ndogo, bapa kama sarafu ya baisa hamsini,
ilikufa zamani. Kila asubuhi
mashine huamkia siku ileile,
na yeye, miaka yote hii,
hubonyeza kitufe kimoja, ipite.

Mwaka ule Mzee Harub alikuwa akikaa hapa,
kwa kidole kimoja akiandika hesabu ya mitende
na zamu za maji ya falaji.

Nilitia betri mpya. Nikafika penye tarehe,
kidole kikasita juu ya mwaka.
Nikajidai naisubiri mashine.

"Unangoja nini?" akauliza toka jikoni.
"Weka ya leo! Zamu yetu ya maji ni Alhamisi,
na hicho kidude, kila nikikiwasha,
kinaniambia leo Alhamisi."